Upote unaposumbua: dalili, vyanzo, na uzi unaoufaa upinde wa jadi

Mpiga upinde ambaye mishale yake imeanza kwenda ovyo, au ambaye upinde wake umeanza kupiga kelele, aghalabu huulaumu upote na kukimbilia uzi wa aina nyingine. Wakati mwingine huwa hajakosea. Mara nyingi zaidi upote wa kwanza ulikuwa mzima, ila umepoteza misokoto kadhaa au haulingani na mshale, na ule mpya huja na kasoro zake juu ya zile za awali. Kwa hiyo hapa tutaanza na kile kinachoonekana na kusikika, kisha turudi nyuma hadi kwenye chanzo. Jambo moja liwekwe wazi mapema, kwa kuwa mengi yanayofuata yanalitegemea: aina ya uzi huamuliwa na ncha za upinde, si na tamaa ya kasi. Kwanza hujulikana upinde unaweza kuvumilia nini. Sauti, kasi na ulengaji hurekebishwa baadaye kwa idadi ya nyuzi, misokoto na kimo.

Upote ni kamba nzima iliyo tayari kuvishwa, na uzi ni mmoja kati ya nyuzi nane hadi kumi na nane hivi zinazoiunda. Kimo cha upote ni umbali kati ya upote na mshiko wakati upinde umevishwa lakini haujavutwa. Mzongo ni uzi mwembamba uliozungushwa juu ya upote, katikati na penye vitanzi, ili kuukinga na msuguano, na pengo ni ule mkato ulio kwenye mkia wa mshale. Nitatofautisha pia kunyumbuka na kurefuka, kwa sababu wengi huyachanganya: uzi unaonyumbuka hurudi urefu wake baada ya kuvutwa, ilhali uzi uliorefuka haurudi tena.

Ncha zinachubuka, au upinde unatoa mlio wa kupasuka

Dalili hii haingoji. Vua upote na usiuvute upinde tena mpaka umeukagua.

Mshale unapoondoka, mabawa ya upinde, yaani mikono yake miwili inayopinda, hukimbia mbele na kusimamishwa ghafla na upote. Upote wa poliesta, ambao wapiga upinde wengi huujua kwa jina la Dacron, hunyumbuka kidogo na kulimeza pigo hilo. Upote wa Dyneema au Spectra, ambazo zote mbili ni nyuzi za polietilini, hunyumbuka kidogo mno, hivyo pigo lote huishia kwenye vitanzi na ncha. Nyuzi hizi ziliingia katika upigaji upinde miaka ya 1980. Pinde nyingi za tabaka, yaani za vipande vyembamba vilivyogandishwa pamoja, zilizotengenezwa kabla ya hapo, pamoja na pinde za mti mmoja ambazo ncha zake ni mti mtupu, hazikuundwa kwa ajili ya pigo la namna hiyo. Kitanzi chembamba na kigumu hujichimbia kwenye mfuo, yaani mkato wa ncha unaokishika kitanzi, kama msumeno, tabaka huanza kuachana, na mwishowe ncha hukatika.

Niliwahi kuuvisha upinde wa zamani wa tabaka upote wa Dyneema kwa sababu tu nilikuwa nao mkononi. Siku tatu za kwanza nilifurahia jinsi mishale ilivyoruka kwa unyoofu zaidi. Siku ya nne niliona mstari mweupe, mwembamba kama unywele, ukitoka kwenye mfuo wa juu kuelekea tumboni mwa bawa, yaani upande unaomtazama mpigaji. Upinde ule ulipona, lakini kwa bahati kuliko kwa busara yangu.

Ukaguzi wenyewe ni rahisi. Pitisha kipande cha pamba taratibu juu ya mabawa yote mawili, nyuma na mbele, ukitilia mkazo ncha; mahali penye ufa, hata usioonekana kwa macho, patanasa nyuzi za pamba. Kisha tazama mfuo. Ukiwa laini na una kiraka cha pembe, mfupa au plastiki ngumu juu yake, upinde huenda ukaweza kubeba polietilini, hasa ikiwa aliyeutengeneza amesema hivyo. Ukiwa mti mtupu, au ikiwa umri wa upinde haujulikani, jibu ni Dacron, na hapo sioni haja ya mjadala. Vitanzi vilivyonenepeshwa kwa kuongezwa nyuzi hulisambaza pigo kwenye eneo pana zaidi na kupunguza kukata, lakini haviugeuzi upote usionyumbuka kuwa unaonyumbuka. Atakayekuambia kwamba vitanzi vinene vinatosha kwa upinde wowote amezungumzia nusu ya tatizo.

Kimo cha upote hakitulii

Unavisha upinde asubuhi, unapima kimo, unapiga mishale thelathini, unapima tena na kukuta kimepungua kwa upana wa kidole. Vyanzo vya dalili hii ni vingi, nami nashauri vifuatwe kwa mpangilio huu.

Cha kwanza ni upya wa upote. Upote uliosokotwa, yaani ule ambao vitanzi vyake vimefumwa kwa kusokota mafungu mawili au matatu ya nyuzi pamoja, huhitaji kutulia: nyuzi hujipanga, misokoto hukazana, na nta hujisambaza. Mishale hamsini hadi mia moja kwa kawaida hutosha. Katika kipindi hicho kupungua kwa kimo si ugonjwa. Ongeza misokoto michache, pima tena, uendelee. Upote wa kitanzi kimoja kisichokatika, ambao uzi wake huzungushwa mara nyingi kati ya vigingi viwili na kuzongwa penye vitanzi, hutulia mapema zaidi.

Ikiwa mishale mia mbili imepita na kimo bado kinashuka, angalia uzi wenyewe. Nailoni ndiyo mkosaji wa kawaida, nayo huingia kwa majina mengi: kamba ya hema, uzi wa kuvulia samaki, hata ile inayouzwa kama kano bandia, ambayo mara nyingi ni nailoni iliyopakwa nta. Nailoni hunyumbuka kupita kiasi na hufyonza maji. Upinde uliovishwa nailoni huhisi mlegevu mkononi, na mshale huondoka kwa uvivu. Hapa hakuna marekebisho ya misokoto yatakayosaidia.

Polietilini nayo ina tabia yake. Hainyumbuki sana, lakini ikikaa chini ya mkazo, hasa penye joto, hurefuka polepole bila kurudi. Upinde ulioachwa umevishwa ndani ya gari lililofungwa juani unaweza kupoteza kimo hata kama haukupigwa mshale hata mmoja. Ndiyo maana watengenezaji huchanganya Dyneema na Vectran, uzi ambao haurefuki kwa namna hiyo, ingawa Vectran huchakaa upesi zaidi kwa msuguano na kwa jua. Kwa upinde wa jadi mchanganyiko huo huleta ugumu ambao mabawa mengi hayauhitaji. Ni afadhali kuuvua upinde kila baada ya mazoezi na kuuhifadhi mahali penye kivuli.

Mwisho tazama misokoto. Ikiwa michache mno, upote uliosokotwa utaanza kujifungua penye vitanzi. Ikizidi, upote hujikunja kama chemchemi, na kila mvuto huifungua na kuifunga tena. Kadirio zuri ni kati ya nusu mzunguko na mzunguko mmoja kwa kila inchi ya urefu. Ukijikuta unahitaji zaidi ya hapo ili kufikia kimo, tatizo ni urefu: upote huo si wa upinde huo. Kwa kawaida upote huwa mfupi kuliko urefu ulioandikwa kwenye upinde kwa inchi 3 kwa upinde mrefu, na kwa takriban inchi 4 kwa upinde wenye ncha zilizopinda mbele.

Kuhusu kimo chenyewe, kipimo cha kale cha ngumi iliyowekwa kwenye mshiko huku kidole gumba kimesimama bado kina maana, kwani hutoa takriban inchi 6 hadi 7, ambazo ni sentimita 15 hadi 18 na zinaufaa upinde mrefu. Upinde wenye ncha zilizopinda huhitaji zaidi, kwa kawaida inchi 7 na nusu hadi 9. Ukishapata kimo kinachoupendeza upinde wako, kiandike kwenye karatasi na uiweke pamoja na podo.

Kelele na mtikisiko mkononi

Upinde wa jadi una sauti yake, na hakuna uzi utakaoufanya kimya kabisa. Kinachotafutwa ni badiliko: upinde uliokuwa ukitoa mvumo mfupi sasa unapiga kofi, au mkono wa mshiko unapata pigo ambalo haukulipata jana.

Kabla ya kugusa upote, pima mshale. Upinde ukiachia mshale mwepesi mno, nguvu ambayo mshale haukuichukua hubaki kwenye mabawa na kutoka kama kelele na mtikisiko. Kwa pinde za jadi wengi hutumia mshale wenye greni 8 hadi 10 kwa kila pauni ya nguvu ya upinde, yaani nguvu inayohitajika kuuvuta. Kwa hiyo upinde wa pauni 40 huhitaji mshale wa greni 320 hadi 400, sawa na gramu 21 hadi 26 hivi. Nimeona watu wakibadilisha upote mara tatu kwa kosa la mshale.

Mshale ukiwa sawa, pandisha kimo kwa misokoto mitatu kwa wakati mmoja, ukipiga mishale sita kila hatua na kusikiliza. Kimo cha chini mno huufanya upote uendelee kuusukuma mshale kwa muda mrefu na kupiga ncha zilizopinda kwa kishindo. Pia ndicho kinachoufanya upige kigasha. Pandisha mpaka kelele ipungue, endelea kidogo mpaka ianze kuongezeka tena, kisha rudi pale palipokuwa patulivu zaidi. Fundi wa piano angeitambua kazi hii.

Hapo tu ndipo aina ya uzi inapoingia. Upote mwembamba wa polietilini huvuma kwa sauti kali kuliko Dacron, na kuongeza nyuzi mbili hadi nne huushusha mvumo huo. Vipande vya sufu au manyoya vilivyofungwa takriban robo ya urefu kutoka kila ncha huzima sehemu kubwa ya kilichobaki. Visiwekwe karibu na katikati, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Mshale unadondoka kwenye upote, au unang'ang'ania

Pachika mshale kwenye upote upinde ukiwa umevishwa, uuachie uning'inie ukielekea chini, kisha gonga upote kwa kidole karibu na pengo. Mshale unapaswa kushikilia mpaka ugongwe, kisha uanguke. Ukianguka kabla ya kugongwa, mzongo ni mwembamba kuliko pengo, na hatari yake si ndogo, kwani mshale unaweza kujitenga na upote wakati wa kuvuta, na upinde ukajiachia bila mshale. Pigo lote ambalo mshale ungelibeba hurudi kwenye mabawa, na upinde huweza kuvunjika kwa mara moja tu. Usipoanguka hata ukigongwa kwa nguvu, mzongo ni mnene mno, na kila mshale utaondoka ukiwa umekwaruzwa.

Wanaohama kutoka Dacron kwenda polietilini hukutana na mlegeo huu karibu kila mara. Uzi mmoja wa Dacron wa aina ya B-50 hukatika kwa takriban pauni 50, na uzi mmoja wa polietilini huhimili karibu maradufu, hivyo mtu hupunguza nyuzi akiona nguvu bado ni nyingi, naye hayuko mbali na ukweli. Anachosahau ni kwamba idadi ya nyuzi haipangwi kwa nguvu peke yake. Upote wa Dacron wenye nyuzi 12 unaweza kubeba pauni 600, kiasi kinachouzidi mno upinde wa pauni 40. Nyuzi zile za ziada zipo ili kupunguza kunyumbuka, kulijaza pengo la mshale na kutovikata vidole.

Kwa Dacron, nyuzi 10 huufaa upinde wa pauni 25 hadi 35, nyuzi 12 upinde wa pauni 35 hadi 45, nyuzi 14 mpaka pauni 55, na 16 kwa zaidi ya hapo. Kwa polietilini, nyuzi 10 hadi 12 hutosha pinde nyingi, mradi vitanzi vinenepeshwe na mzongo wa katikati uwe wa uzi mnene wa kutosha. Kubadilisha unene wa uzi wa mzongo ni kazi ya nusu saa, na kwa tatizo hili ndiyo dawa ya kwanza.

Mishale inakwenda kando baada ya kubadilisha uzi

Ulikuwa ukilenga vizuri kwa Dacron, ukavisha polietilini, na sasa mishale yote inaangukia upande mmoja. Mkono wako haujaharibika. Upote usionyumbuka huusukuma mshale kwa ukali zaidi, na ubua ule ule, yaani mti wa mshale, sasa hupinda zaidi unapouzunguka mshiko. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, mshale ulio laini kuliko unavyotakiwa huelekea kulia, na ulio mgumu kupita kiasi huelekea kushoto. Kwa mwenye mkono wa kushoto ni kinyume chake. Hivyo dalili inayotarajiwa baada ya badiliko hili ni kwenda upande wa ulaini. Dawa ni mshale mgumu zaidi, au ncha ya mshale iliyo nyepesi zaidi, au kuufupisha ubua kidogo ikiwa mvuto wako unaruhusu. Kama hutaki kununua mishale mipya, rudi kwenye Dacron bila aibu. Faida ya kasi kwa upinde wa jadi ni ndogo kuliko inavyosimuliwa.

Kasi imepungua

Hapa kanuni moja ya kimaumbile hueleza karibu kila kitu. Upote haukimbii wote kwa mwendo mmoja: katikati hukimbia pamoja na mshale, na ncha hukaribia kusimama. Kwa jumla upote hufanya kazi kana kwamba theluthi moja ya uzito wake imeongezwa kwenye mshale, lakini kitu kilichofungwa katikati kabisa huhesabiwa chote. Kwa hiyo mzongo mrefu usio na sababu, alama nzito ya shaba pa kuwekea mshale, na mafungu makubwa ya manyoya yaliyosogezwa kuelekea katikati huila kasi kuliko nyuzi mbili za ziada. Fupisha mzongo ubaki pale tu vidole na kigasha vinapogusa, badilisha alama ya shaba kwa ya uzi uliofungwa, na usogeze manyoya nje, kisha ndipo ufikirie kupunguza nyuzi.

Upote haupiti katikati ya bawa

Usiushuku uzi kwanza. Vua upote, ugeuze juu chini, uvishe tena. Kasoro ikihama pamoja na upote, kitanzi kimoja kimefumwa upande au ni kipana mno. Ikibaki palepale, mfuo umechongwa visivyo au bawa limejipinda, na hiyo ni kazi ya fundi wa pinde. Ukumbuke tu kwamba kitanzi cha juu hupaswa kuwa kikubwa kuliko cha chini ili kiteleze kwenye bawa wakati wa kuvisha.

Upote unatoa manyoya, mzongo unaachana

Manyoya membamba yaliyoenea upote mzima yanaomba nta. Paka, kisha sugua kwa kipande cha ngozi haraka mpaka nta iingie. Joto la msuguano linatosha. Moto usikaribie, kwani polietilini huyeyuka kwenye takriban sentigredi 150, ilhali poliesta huvumilia hadi zaidi ya 250, na hata kabla ya kuyeyuka polietilini hupoteza nguvu. Manyoya yaliyojikusanya mahali pamoja, hasa pale kitanzi kinapoingia kwenye mfuo, yana maana nyingine: kuna ukingo mkali. Lainisha mfuo kwa msasa mwembamba kabla ya kuvisha upote mpya, la sivyo nao utaliwa vivyo hivyo. Uzi mmoja uliokatika kabisa ni sababu ya kutosha ya kuutupa upote wote. Mzongo unaoachana, kwa upande wake, huzongwa upya tu, ukivutwa kwa mkazo ulio sawa.

Nyuzi za asili

Wanaopenda kila kitu kiwe cha asili hukutana na dalili ambazo vitabu vya nyuzi za viwandani havizitaji. Upote wa kano au wa ngozi mbichi hulegea na kurefuka hewa ikiwa na unyevu, na hukaza tena ikikauka, kwa hiyo kimo kilichopimwa jioni ya mvua hakitakuwa kile cha mchana wa jua. Kitani ni kinyume: unyevu huuongezea uzi wake nguvu badala ya kuupunguzia, lakini hakivumilii msuguano na kikikauka sana hukatika ghafla penye kitanzi au pale mshale unapowekwa. Hariri ni bora kuliko vyote hivyo kwa unyumbufu wa kiasi, nayo ndiyo iliyotumika kwenye pinde za Waturuki. Kwa kitani, hesabu nyuzi mpaka jumla ya nguvu zake ifike angalau mara nne ya nguvu ya upinde, na binafsi huongeza hadi mara tano, kwa sababu uzi wa mmea haulingani unene kila mahali. Paka nta kabla ya kusokota na baada yake.

Upote umekatika

Upote unapokatika wakati wa kuachia, upinde umepata pigo kama la kuachiwa bila mshale, hata kama unaonekana mzima. Rudia ukaguzi wa pamba, kisha uvishe upote mpya na kuuvuta nusu tu, mara kadhaa, ukitazama kama mabawa yanapinda kwa ulinganifu.

Halafu soma mahali palipokatika. Penye kitanzi: mfuo mkali, au kitanzi chembamba. Katikati, chini ya mzongo: mzongo uliokazwa mno, au alama ya shaba iliyobanwa kwa koleo mpaka ikakata nyuzi. Mahali pengine popote bila dalili ya kuchakaa: uzi wenyewe ni mbovu au wa zamani. Kevlar, iliyojaribiwa miaka ya 1970, ilijipatia sifa mbaya kwa namna hiyo hasa, kwani ilikuwa na nguvu nyingi lakini ilichoka kwa kupindwapindwa penye pengo la mshale na kukatika bila onyo. Ukiupata upote wa rangi ya manjano uliokuja na upinde wa kipindi hicho, na hujui ni uzi gani, usiuvishe hata kwa majaribio. Upime urefu wake ili utengeneze mwingine wa Dacron, kisha uutupe.